Mawe ya Msingi ya Lusungo

Kuna nchi moja, na msiniulize iko wapi, maana jina lake kamili ni refu hivi kwamba watoto wa shule huanza kulitamka asubuhi, wakapumzika kunywa uji, ndipo wakalimalizia. Si nchi yenu. Kwenu mambo yamenyooka, najua. Nchi hiyo inasifika kwa jambo moja: watu wake wana moyo wa kujitolea. Wanao mwingi hata serikali ikaogopa usije ukamwagika ovyo, ikauundia Wizara, na Wizara ikajengewa ghorofa saba. Katika ghorofa hizo hajawahi kujitolea hata mtu mmoja, kwa sababu sheria inakataza kujitolea saa za kazi.

Basi, katika kijiji cha Lusungo, mbali kabisa na hizo ghorofa, alirudi fundi mwashi mmoja aitwaye Melkiori. Miaka thelathini alikuwa mjini akiwajengea watu majumba, na aliporudi alikuwa na mwiko, timazi, na mgongo uliogoma kunyooka. Alimkuta mama yake, Bi Agripina, bado yu hai, umri umepita themanini, macho yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli basi. Ulimi peke yake ndio haukuwa umezeeka.

Jumapili ya kwanza wakaenda kusali. Lusungo hakukuwa na kanisa. Watu walisali kwenye uwanja wa kupuria mtama, kila mmoja na jiwe lake la kukalia, na Mwinjilisti Nahumu akihubiri huku amesimama juu ya debe. Alikuwa hajafika hata nusu ya mahubiri mvua ikashuka. Waumini wakatoka mbio, Nahumu na debe lake mbele, na Melkiori naye, maskini wa Mungu, akajikuta anakimbia. Alipogeuka akamwona mama yake bado ameketi kwenye jiwe lake, kitabu cha nyimbo kakitia kwenye mfuko wa nailoni, anaimba peke yake, maji yanamchuruzika usoni.

"Mama! Mbona hunyanyuki?"

"Ninyanyuke niende wapi na miguu hii? Nikifika nyumbani mvua imeshakatika zamani. Mimi kila mara hunyeshewa hapa hapa, angalau wimbo niumalize."

Melkiori alivua koti akamfunika. Bi Agripina akamshika mkono, akazipapasa zile sugu za mwiko.

"Mwanangu, majumba ya watu umejenga mengi, nimesikia. Mimi nataka siku moja tu nisali chini ya bati. Niisikie mvua inapiga kelele juu yangu na hainigusi. Siku moja. Baada ya hapo mnifukie hata kesho yake, sitawalaumu."

Aibu ilimshika Melkiori hata masikio yakamwasha. Alikuwa amewajengea watu vyoo vyenye paa la vigae.

Siku ya pili yake alikwenda kupima kiwanja pale pale uwanjani, hatua kumi na mbili kwa saba. Hakuita mkutano. Watu walimwona anapigilia vigingi ardhini wakaja wenyewe. Wanaume wakapanda kilimani kuchonga mawe, wanawake wakateka maji kisimani, na hata wale wa msikiti wa Lusungo ya juu walishuka na sururu zao, wakasema wao walishanyeshewa mvua ya kutosha, wanajua inavyokuwa. Kufikia siku ya tatu msingi ulikuwa umechimbwa wote, umenyooka kama mstari wa daftari.

Siku ya nne alikuja Ndugu Fidelis Mkomagu.

Ndugu Mkomagu alikuwa Mratibu Msaidizi wa Moyo wa Kujitolea wa Wilaya, cheo cha mwisho kabisa serikalini. Chini yake kulikuwa na pikipiki yake tu. Aliteremka, akafuta vumbi kwenye faili, akautazama mtaro.

"Nani aliyewatuma mjitolee?"

"Hakuna, mzee," alisema Melkiori. "Tumejitolea."

"Hapo ndipo kosa lilipo." Mkomagu alifungua faili bila hasira yoyote, alikuwa mtu mpole. "Ndugu zangu, moyo wa kujitolea ni rasilimali ya taifa. Leo ukiutumia wewe bila utaratibu, kesho taifa likiuhitaji litaukuta wapi? Kujitolea bila kibali ni sawa na kuchimba dhahabu kwa wizi. Wekeni chini majembe, tafadhali. Taratibu, msiumizane."

Wakapewa fomu. Swali la nne liliuliza: Je, umewahi kujitolea kabla ya kujitolea? Ambatisha ushahidi wa miaka miwili. Swali la tisa: Nani amekulazimisha kujitolea? Kama hakuna, eleza sababu. Kisha wakapelekwa zahanati kuthibitishwa kama huo moyo wanao. Mganga wa zamu alimwekea kila mmoja kipimo kifuani, akasikiliza, akaandika "Upo." Baada ya hapo kukawa na semina ya siku tatu ya namna ya kubeba jiwe, iliyofundishwa na mtaalamu kutoka makao makuu ambaye alikuwa hajapata kulibeba, ila alikuwa na picha. Mwisho wa mwezi kila mtu Lusungo, pamoja na Bi Agripina, alikuwa na cheti cha Mjitoleaji Daraja la Tatu.

"Sasa tujenge," alisema Melkiori.

"Sasa mna kibali cha kujitolea," alisema Mkomagu. "Cha kujenga ni kingine. Hicho hutolewa na Kamati ya Taifa ya Majengo ya Ibada."

"Inakaa lini?"

"Akipatikana mwenyekiti. Yule wa mwanzo alifariki mwaka wa sita huu. Makamu wake yupo tayari kukaimu, anachosubiri ni barua ya ruhusa kutoka kwa mwenyekiti."

Melkiori alikaa kwenye rundo la mawe. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mlimani, na usiku uliopita mama yake alikohoa hata akashindwa kulala. Alijua hesabu ya mawingu yale. Alijua pia kikohozi kile.

"Ndugu Mratibu," alisema polepole, "hakuna chochote ambacho mtu anaweza kukifanya hapa bila kibali? Hata kidogo?"

Mkomagu alipekua faili. Alitaka kusaidia, hilo lazima niliseme, alitaka kweli. "Lipo jambo moja. Jiwe la msingi. Kuweka jiwe la msingi hakuhitaji kibali."

Hapa lazima niwaeleze wageni. Katika nchi ile, jiwe la msingi ni jambo zito. Viongozi wameyaweka kila mahali: jiwe la msingi la daraja pasipo na mto, jiwe la msingi la chuo kikuu katikati ya shamba la mihogo, jiwe la msingi la kiwanda cha barafu juu ya kichuguu. Yanakaa peke yake, na kibao cha marumaru, na pazia dogo. Kujenga juu yake si lazima. Lakini kuligusa ni hatari. Iko Sheria ya Ulinzi wa Mawe ya Msingi, na kwa sheria hiyo mtu yeyote atakayelivunja, kulihamisha, kulipaka rangi au kuliegemea jiwe lililowekwa na kiongozi, jela miaka saba. Kuna mbuzi wa Mkambalani aliyejikuna kwenye moja. Kesi yake bado inaendelea.

"Na nani anaruhusiwa kuliweka?" aliuliza Melkiori.

"Kiongozi yeyote wa umma, wa cheo chochote."

"Wewe si kiongozi wa umma?"

Ndugu Mkomagu alilifunga faili. Miaka kumi na tisa alikuwa serikalini akishika mkasi wa wenzake wa kukatia utepe. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile.

"Nadhani," alisema, "kisheria, ndiyo."

Aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Alirudi jioni ile ile na suti ya harusi yake, ambayo vifungo vilikuwa haviwezi tena kuonana, na mke wake, na kibao cha marumaru ambacho alikiri kwa haya kwamba alikuwa nacho chini ya kitanda tangu aajiriwe. Alihutubia dakika arobaini. Alipofika kwenye maneno "mimi Fidelis Mkomagu," sauti ilimkatika, ikabidi mke wake ampe kitambaa. Kisha alishika mwiko, akaweka saruji kiasi cha kijiko cha chai, na watu wa Lusungo wakamshikia jiwe, kwa kuwa cheti cha Daraja la Tatu kinamruhusu mtu kumshikia kiongozi jiwe. Likakaa kwenye kona ya mashariki, kando ya mlango, chini kabisa. Wanawake wakapiga vigelegele.

Melkiori alibaki peke yake kulinyoosha kwa pima maji. Mafundi wa Lusungo wana kawaida yao ya tangu enzi: jiwe likishakaa sawa, fundi hubonyeza kidole gumba kwenye saruji mbichi pembeni yake. Hakuna mapambo, hakuna jina. Ni kama kusema nimemaliza, nimelikagua. Baba yake alifanya hivyo, na Melkiori alifanya hivyo hata kwenye majumba ya mjini, ambako wenyewe walikuja wakaziba kwa plasta. Akabonyeza. Aliporudi nyumbani mama yake akamuuliza toka kitandani:

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza, mama."

"Haya."

Huenda mambo yangeishia pale, lakini habari zilimfikia Mtendaji wa Kata. Mtendaji aliumia sana. Iweje Mkomagu, mtu wa pikipiki, awe na jiwe Lusungo, na yeye hana? Alikuja mbio kutaka lake. Melkiori akamwonyesha nafasi kando ya la Mkomagu.

"Kando?" Mtendaji alikodoa macho. "Mimi na yeye tuko sawa?"

Wakamwita Mkomagu na faili lake. Itifaki ya nchi ile ilikuwa wazi: jina la mkubwa haliwezi kuwa usawa mmoja na jina la mdogo, wala chini yake, Mungu apishe mbali. Lazima liwe juu.

"Juu," alisema Melkiori, na kwa mara ya kwanza tangu arudi mgongo wake ulinyooka kidogo. "Ndugu Mratibu, sheria inasema mawe ya msingi yawe mangapi?"

Mkomagu akasoma toka mwanzo hadi mwisho, akarudia. "Haikusema."

"Na msingi lazima uwe chini?"

"Haikusema pia. Waliotunga walidhani inajulikana."

Jioni ile Melkiori na Mwinjilisti Nahumu walikaa kibarazani kuandika barua za mwaliko. Nahumu alikuwa na mwandiko mzuri na hofu nyingi.

"Fundi, tunamdanganya nani hapa?"

"Soma tena, mwinjilisti. Kuna uongo wapi? Tunaomba waje kuweka jiwe la msingi. Watakuja. Wataweka."

Na kweli, walikuja. Wa cheo cha Mkomagu wilayani walikuwa arobaini na wawili, wakatosha mstari mzima wa chini, kasoro mlango. Juu yao wakaja watendaji wa kata, kisha maafisa tarafa, kisha wakuu wa idara na wanaokaimu wakuu wa idara na wale wanaowashikia nafasi wanaokaimu. Vibao walikuja navyo wenyewe, kimoja cha upande wa nje, kimoja cha ndani. Kule kiongozi hutembea na kibao chake kwenye buti la gari kama wengine wanavyotembea na tairi la akiba. Kila mmoja alileta pia mfuko wa saruji wa sherehe, akatumia kijiko kimoja, na uliobaki ukashindwa kurudi kwa kuwa hakukuwa na fomu ya kuurudishia. Watu wa Lusungo walishika mawe asubuhi hadi jioni. Walisikiliza hotuba huku wamebeba. Kuna mzee mmoja alisema kwamba hotuba ya Afisa Mifugo ilikuwa nzito kuliko jiwe lake.

Bi Agripina alikuwa hatoki tena kitandani. Kikohozi kilikuwa kimeshuka kifuani, na sauti yake ilianza kupungua nguvu. Kila jioni aliuliza swali moja.

"Limefika wapi?"

"Limefika kwa Katibu Tawala, mama."

"Ndiyo usawa wa nini?"

"Usawa wa dirisha."

"Huyo Katibu Tawala si angekuwa mrefu kidogo?" Alicheka, akakohoa, na Melkiori akamshikilia hata kikapita. Mwili wake ulikuwa mwepesi mno. Melkiori aliogopa, na sioni sababu ya kuficha, alitoka nje akalia nyuma ya jiko.

Juu ya madirisha ndipo wakakwama. Viongozi wa mkoa walikuwa wameisha. Kuta zilisimama na pengo la mistari miwili, na mvua za rasharasha zilikuwa zimekwisha anza. Nahumu aliandika barua makao makuu, akaeleza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba wananchi wa Lusungo wanakabiliwa na uhaba wa viongozi.

Serikali ilishtuka. Katika historia ya nchi ile hakuna mwananchi aliyewahi kulalamika kwamba viongozi ni wachache. Baraza lilikutana kwa dharura, na katika wiki moja ziliundwa nafasi mpya sitini na nane, zikajazwa siku hiyo hiyo. Msafara ulipofika Lusungo wengine walikuwa bado hawajaambiwa ni wakurugenzi wa nini. Mmoja alikwenda pembeni kumuuliza Mkomagu, "Ndugu, wewe unaelekea kujua mambo. Mimi ni nani?" Mkomagu akamsomea kwenye kibao chake. Alikuwa Mkurugenzi wa Maandalizi ya Awali.

Mstari wa mwisho waliuweka manaibu waziri. Ikabaki paa. Kwa paa alikuja Waziri mwenyewe, Waziri wa Moyo wa Kujitolea, na kwa kuwa mtu wa hadhi yake haruhusiwi kuguswa na jua, ofisi yake ilitanguliza lori zima la mbao na mabati ya kujengea jukwaa. Melkiori alimsogelea kwa adabu, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, wenzako wote wa chini wana mawe. Itifaki inataka wewe uwe juu yao wote. Juu ya jiwe la mwisho kinachokaa ni bati."

Waziri alitazama juu, akatazama ngazi, akatazama tumbo lake.

"Je, nikiligusa hapa chini, kisheria nitakuwa nimeliweka?"

"Kabisa, mheshimiwa. Sisi tutakushikia."

Akaligusa. Alisema, katika hotuba ya saa mbili na nusu, kwamba ni mara ya kwanza katika historia ya dunia kuwekwa bati la msingi, na kwamba maadui wa taifa watakosa usingizi. Alipoondoka, mabati yote ya jukwaa yalikuwa yamekwisha kuitwa mabati ya msingi, na watu wa Lusungo walikuwa juu ya kenchi na nyundo zao, wanamshikia.

Kanisa halikuzinduliwa. Kuzindua kunahitaji kibali.

Sasa sikilizeni. Katika zile nafasi sitini na nane mpya, moja ilikuwa ya Mwenyekiti wa Kamati ya Taifa ya Majengo ya Ibada. Mwenyekiti huyo alikuwa na jiwe lake Lusungo, mstari wa pili kutoka juu, ila hakukumbuka ni la nini. Aliingia ofisini, akafungua faili la kwanza juu ya meza, akaona: Lusungo, kanisa, hakuna kibali. Alikuwa mchapakazi. Akaandika: "Libomolewe ndani ya siku tatu. Liwekwe alama nyekundu mara moja." Na kwa vile Idara ya Ubomoaji wilayani haikuwa na mtu, akakaimishwa Ndugu Fidelis Mkomagu.

Siku aliyofika ilikuwa Jumapili. Asubuhi hiyo Bi Agripina alikuwa amesema kwa sauti ya kunong'ona, "Nipelekeni," na Melkiori hakubishana. Walimbeba na kiti chake wanaume wanne, wakamweka ndani kando ya ukuta, blanketi magotini, kitabu cha nyimbo mkononi ingawa alikuwa haoni herufi. Walikuwa ndiyo kwanza wanaimba wimbo wa kwanza. Mbingu ilikuwa nyeusi. Tone la kwanza lilianguka kwenye bati, likafuatiwa na la pili, na mlangoni akasimama Mkomagu na kopo la rangi nyekundu.

Wimbo ukakatika. Aliisoma barua kwa sauti ndogo. Akamaliza, akaikunja vizuri.

"Fundi, nisamehe. Nikishaweka alama, kesho linakuja tingatinga."

Melkiori alimtazama mama yake. Bi Agripina hakuwa amesikia chochote. Alikuwa ameinua uso kuelekea bati, anasikiliza matone.

"Ndugu Mratibu," alisema Melkiori, "ungengoja mvua ikatike."

"Barua inasema mara moja."

Mkomagu akatoka nje, mvua ikamshukia, na Melkiori akamfuata. Mratibu alichovya brashi, akaielekeza kwenye jiwe usawa wa kifua chake. Akasoma kibao: Afisa Tarafa. Akaishusha brashi. Akasogea. Mganga Mkuu wa Wilaya. Akasogea. Katibu Tawala, huyo ndiye anayesaini likizo zake. Akazunguka pembe. Kote kulikuwa na majina, na juu ya majina majina, hadi kwa Waziri. Kwa kila jiwe miaka saba. Melkiori alimsikia akihesabu kwa midomo, akafika miaka mia mbili na kumi akaacha.

Walizunguka jengo zima wamelowa chapachapa. Mwishowe, kwenye kona ya mashariki kando ya mlango, chini kabisa, Mkomagu aliona jiwe lisilo na jina. Matope ya mvua yalikuwa yamelirukia na kulipaka lote. Akashusha pumzi.

"Hili hapa," alisema. "Hili halina mwenyewe."

Melkiori alilitambua, kwa nini asilitambue. Angeweza kusema. Badala yake alichutama, akachota maji ya dimbwi kwa kiganja, akalimwagia jiwe mara moja, mara mbili, tope likateremka.

JIWE HILI LA MSINGI LILIWEKWA NA NDUGU FIDELIS MKOMAGU.

Mvua ilikuwa inamiminika. Mratibu Msaidizi alisimama ameinamia jina lake, brashi inadondosha rangi kwenye kiatu chake. Alilisoma, na midomo ikatikisika kwenye neno "Ndugu". Kisha alichuchumaa, akatoa kile kitambaa cha mke wake mfukoni, akalifuta jiwe hadi kwenye pembe zake.

"Miaka kumi na tisa, fundi," alisema. "Hili tu."

Nyuma ya kanisa kulikuwa na kichuguu. Mkomagu alikiendea, akakichora alama kubwa nyekundu, akakipiga mateke matatu yaliyokidondosha kilele. Akatoa faili chini ya koti, akaandika: Alama imewekwa. Ubomoaji umeanza, tingatinga halihitajiki. Wakaazi hawakupinga. Taarifa hiyo ilipokelewa makao makuu kwa furaha, na nasikia hadi leo, kwenye vitabu vya nchi ile, Lusungo hakuna kanisa.

"Sasa ingia ndani, baba, utaumwa," alisema Melkiori.

Wakaingia. Mvua ilikuwa imekolea. Ilipiga bati hata Nahumu akawa anafungua na kufunga kinywa bila mtu kusikia neno, na watu wakacheka kwa raha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa analowa. Bi Agripina alikuwa analia na kutabasamu vyote pamoja. Mkomagu akakosa nafasi, akaketi sakafuni kando ya kiti chake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Mkomagu. Wa serikalini."

"Unajua kusoma? Mimi macho yamekwisha. Nisomee huu ukuta, nasikia umeandikwa."

Akamsomea, akimsogezea kinywa sikioni ili ashinde kelele za bati. Alianzia chini akapanda: waratibu, watendaji, wakuu, wakurugenzi, manaibu. Ilimchukua muda mrefu. Bibi alimsikiliza hadi mwisho.

"Na Melkiori umemsoma wapi?"

Mkomagu alitazama ukuta tena, safari hii kwa makini, jiwe kwa jiwe. Akaona aibu.

"Hayupo, bibi. Jina lake halipo."

Bi Agripina alinyoosha mkono wake uliokuwa mwembamba kama kijiti, akaugusa ukuta. Vidole vilipita juu ya kibao cha marumaru bila kusimama, vikateremka kwenye saruji pembeni ya jiwe, vikapapasa, kisha kidole gumba chake kikazama mahali kilipokuta shimo dogo la duara lililokauka. Akahamia jiwe la pili. Shimo likawepo. La tatu.

"Huyu hapa," alisema. "Na hapa. Na hapa. Unasoma haraka mno, baba."

Akakiacha kidole chake pale, akafumba macho, akarudi kwenye mstari wa wimbo waliokuwa wameukatiza.